Vihisi shambani bila mnara wa simu: setilaiti ndogo inasaidiaje?

Msimu uliopita kijana mmoja wa Sikonge alinipigia simu, amekata tamaa kabisa. Alikopa hela, akafunga vihisi vya unyevu wa udongo kwenye nyanya zake bondeni. Muuzaji hakumwuliza swali moja tu: kule bondeni simu inashika? Haishiki. Vihisi vilipima, lakini hakuna kipimo kilichomfikia. Alipokuja kushtuka, nyanya zimeshanyauka.

Tangu hapo wengi mnaniuliza kama setilaiti zinaweza kutuokoa. Zinaweza, ila lazima uelewe zinavyobeba data.

Sisi wa Tabora kazi hii si ngeni. Enzi za misafara, mzigo wa kutoka Ujiji ulitunzwa hapa, ukasubiri msafara wa kwenda pwani. Haukufika siku hiyo hiyo, lakini ulifika. Setilaiti ndogo nayo ni hivyo hivyo:

1. Kihisi kinapima na kutunza kipimo.
2. Setilaiti ikipita juu, kihisi kinatuma ujumbe mfupi kwa redio.
3. Setilaiti inautunza ujumbe, inaendelea na safari, ikifika juu ya kituo cha kupokea inaushusha.
4. Kituo kinakutumia kwa intaneti.

Majirani zetu Rwanda wameshajaribu. Setilaiti yao RWASAT-1, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo, ilirushwa Septemba 2019. Ilikuwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 30 hivi, lakini moja ya kazi zake ilikuwa kukusanya data za vihisi vya ardhini.

Setilaiti ya namna hiyo iko kama kilomita 400 juu na inaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Lakini dunia nayo inazunguka, kwa hiyo shamba lako italipitia mara chache tu kwa siku, kila mara kwa dakika zisizofika 10. Kama iko peke yake, kipimo cha asubuhi unaweza kukipata jioni. Kwa unyevu wa udongo, mvua au kina cha maji bwawani, inatosha. Kwa kuzima pampu au kukamata mwizi, hapana.

Kabla hujatoa hela, uliza:

- Data inachelewa saa ngapi? Wakuandikie.
- Malipo ya kila mwezi ni kiasi gani?
- Antena itaona anga wazi? Usiifunge chini ya mwembe.
- Kuna sehemu ya jirani ambapo simu inashika?

Hilo la mwisho ndilo lililomwokoa yule kijana. Nyumbani kwake mlimani mtandao upo. Tulisimamisha mlingoti wenye kipokezi cha redio, kikapokea kutoka bondeni na kutuma kwa laini ya simu. Setilaiti hakuihitaji. Ila wewe ambaye shamba lako liko mbali na kila mnara, hesabu zako ni nyingine.

Na hata ukiwa na vihisi, usiache kufukua udongo na kuufinya kwa mkono. Mkono hautafuti mtandao.