Sura ya Sita: Kamera za Ulinzi na Mwenye Nyumba Aliye Mbali

Muuguzi mmoja wa mtaa wa Queens, mjini New York, jina lake Marie Van Brittan Brown, ambaye kazi yake na ya mumewe Albert ziliwafanya wawe nyumbani kwa saa zisizolingana, na ambaye aliwaona polisi wakikawia kufika waitwapo, aliomba mwaka 1966 hati ya uvumbuzi wa chombo cha kulinda mlango, akapewa tarehe 2 Desemba 1969. Chombo hicho kilikuwa na kamera iliyopanda na kushuka nyuma ya matundu manne ya mlango, runinga ya kumwonyesha aliyebisha hodi, vipaza sauti vya kusemezana naye, na vitufe vya kufungulia komeo na kuitia msaada. Haja ya mama yule, yaani kumjua mgeni kabla ya kumfungulia, ndiyo haja ya Mzanzibari aishiye Maskati leo, ambaye wazazi wake wamebaki Unguja. Kilichozidi ni masafa, na masafa ndiyo yaufanyayo uchaguzi uwe mgumu.

Wanunuzi wengi waingiapo dukani huanza kuulizia ukali wa picha, ilhali swali lipasalo kutangulia ni hili: nani atatazama, yu wapi, na picha itamfikia kwa njia gani? Nyumba iliyokwisha kutandikiwa nyaya za zamani yaweza kubaki nazo, zikaungwa na kinasa ambacho mafundi hukiita DVR. Kwa nyumba mpya hufaa zaidi kamera za mtandao na kinasa cha NVR, kwa kuwa waya mmoja huchukua umeme na picha pamoja hadi mita 100. Kamera ya Wi-Fi ni rahisi kufunga, lakini ikiwa hifadhi yake ni memori kadi iliyomo ndani yake, mwizi aing'oaye huondoka na ushahidi wote.

Njia za kutazama kwa mbali ni tatu. Ya kwanza ni ile ya kuskani msimbo wa kifaa kwa simu, picha ikapatikana kwa msaada wa kompyuta za kampuni iliyoitengeneza. Hii hufanya kazi hata kwa intaneti ya laini za simu, ambamo wateja wengi huchangia anwani moja, lakini inakutaka uiamini kampuni hiyo kama mtu umwekeaye amana. Ya pili ni kufungua tundu katika rauta ili kinasa kifikiwe na dunia nzima, nayo naikataza bila kusita, maana mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vinasa vingi vilivyoachiwa nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba ikavitumia kuishambulia kampuni ya Dyn hata tovuti kubwa zikawa hazifikiki. Ya tatu ni VPN, njia ya faragha ipitayo ndani ya intaneti, iliyo salama kupita zote kwa mwenye fundi mwelekevu na rauta iikubaliyo.

Hesabu ya hifadhi nayo haina huruma. Kamera inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza 86 na zaidi, hivyo diski ya terabaiti 1 hutosha siku 11 na ushei. Mtu akitaka mzigo huo wote uende kuhifadhiwa kwenye kompyuta za mbali, bando lake litakwisha kabla ya juma. Kwa hiyo picha kamili na ikae nyumbani, katika kinasa kilichofichwa, na simu ipewe mkondo mwepesi wa picha ndogo, ambao kamera nyingi za sasa hutoa sambamba na ule mzito. Kinasa na rauta vyote viwili viwe na UPS, yaani betri ya akiba, kwani umeme ukikatika na rauta ikazimika, aliye Maskati haoni kitu. Chagua pia vifaa vifuatavyo kanuni ya pamoja ya watengenezaji iitwayo ONVIF, ili kamera moja ikifa usilazimike kurudi kwa mtengenezaji yuleyule.

Akaunti kuu iwe ya mwenye nyumba, ndugu wapewe ruhusa ya kutazama tu, na nywila aliyoitumia fundi ibadilishwe siku hiyohiyo. Dirisha la jirani lisiingie katika picha, kwa kuwa sitara ya watu ni haki yao. Na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaonyesha kwamba faragha si jambo la hisani tu.

Basi, msomaji, kabla hujalipa salio, zima Wi-Fi ya simu yako, maana simu iliyo katika mtandao mmoja na kinasa haithibitishi lolote kuhusu umbali. Washa data, mwambie fundi akuonyeshe mlango kama ulivyo saa hiyo, kisha akurudishie picha ya jana usiku, saa nane. Akiweza, mlipe na umshukuru. Akishindwa, kazi haijakwisha, na fedha yako ibaki mfukoni mwako.