Trampolini Uani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuiweka

Kati ya mwezi Novemba na Machi, hewa ya Doha inapopoa, watoto waliofungiwa ndani kwa miezi mingi hutoka nje kucheza. Ndicho kipindi ambacho trampolini huanza kuonekana katika nyua za nyumba nyingi. Nyingine hununuliwa madukani, na nyingine huachwa na familia zinazohama, zikatolewa bure au kwa bei ndogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, ili uwasaidie kuamua iwapo chombo hicho kinafaa kuwekwa nyumbani kwao.

Trampolini ya kisasa ilibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1930 na George Nissen na Larry Griswold, kwa ajili ya mazoezi ya wanasarakasi na wanamichezo. Mwaka 2000, huko Sydney, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki. Mwanamichezo wa Olimpiki huruka peke yake, amefundishwa kwa miaka, na watu husimama kandokando kumlinda. Uani mwa nyumba masharti hayo hayapo. Kwa sababu hiyo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilianza kutoa tahadhari mwaka 1977, mwaka 1999 kikashauri trampolini zisitumiwe majumbani, na mwaka 2012 kikautilia nguvu upya ushauri huo. Wazazi wanaombwa waanze na msimamo huo, kisha wapime hali ya nyumba yao.

Hatari kubwa ni kuruka wengi kwa pamoja

Wazazi wengi huogopa mtoto asirushwe nje akaanguka chini. Hofu hiyo ina msingi, lakini majeraha mengi hutokea mtoto akiwa bado juu ya kitambaa, na takribani robo tatu ya majeraha hutokea wakati watu zaidi ya mmoja wanaruka kwa pamoja. Mtoto mwepesi ndiye anayeumia: uwezekano wake wa kujeruhiwa huweza kufikia mara 14 ya ule wa mwenzake mzito.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mtu mzito anapotua, kitambaa huzama, kisha springi hukirudisha juu kwa nguvu. Ikiwa mtoto mdogo anashuka wakati huohuo, miguu yake hukutana na kitambaa kinachopanda, naye hupata kishindo kana kwamba ametua juu ya saruji. Mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, huweza kupata ufa hata kama mtoto hakuanguka wala hakugongana na mtu. Baba anayeruka na mwanawe wa miaka mitatu kwa mapenzi, akimshika mikono, huenda ndiye anayemweka katika hatari hiyo.

Watoto wenye umri chini ya miaka 6 wasiruhusiwe kabisa. Mifupa yao bado ni laini, na miili yao haijajua kuumiliki mruko. Hapa hatuoni nafasi ya mapatano.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Familia nyingi za kwetu hapa Doha huishi katika jumba lililogawanywa sehemu kadhaa, na ua ni wa wote. Watoto wa familia tatu, wa umri wa miaka 4 hadi 13, hucheza pamoja. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, huja wageni pamoja na watoto wao. Kanuni ya mtoto mmoja kwa zamu, iliyo nyepesi kuitamka, huwa ngumu kuitekeleza, kwa kuwa desturi yetu haimruhusu mwenyeji kumzuia mtoto wa mgeni. Ua wa namna hiyo haufai kuwekwa trampolini, na tunawashauri msiiweke. Ikiwa tayari imewekwa, mwenye nyumba mwenyewe awaeleze wageni kanuni hiyo mapema, kabla watoto hawajavua viatu. Jukumu hilo asiachiwe binti mkubwa wala dada wa kazi, ambaye hana mamlaka ya kumkatalia mtoto wa mgeni wa mwajiri wake.

Baadhi yenu mnalea watoto wa watu wengine katika nyumba zenye trampolini. Mwombeni mwajiri aseme wazi, mbele ya watoto, kuwa mnayo idhini ya kuwateremsha.

Wavu na usimamizi

Wavu unaozunguka trampolini una manufaa, lakini huwapa wazazi utulivu usiostahili. Wavu haumzuii mtoto kugongana na mwenzake, wala kutua kwa shingo baada ya kujaribu kupinduka hewani. Mpinduko ndio chanzo cha majeraha mabaya zaidi, yale ya shingo na uti wa mgongo, na upigwe marufuku kwa watoto wote, hata kwa yule anayejigamba kuwa ameuweza.

Kuwapo kwa mtu mzima pia hakutoshi. Kati ya theluthi moja na nusu ya majeraha yamekuwa yakitokea mtu mzima akiwapo. Usimamizi maana yake ni kusimama karibu, macho yakiwa kwa mtoto, na kuusimamisha mchezo mara tu mtoto wa pili anapopanda. Anayepika huku akichungulia dirishani, au anayezungumza kwa simu na ndugu wa Mombasa, hasimamii.

Nafasi, jua na upepo

Pimeni ua kabla ya kutoa fedha. Kila upande wa trampolini uachwe wazi kwa angalau mita 2 na nusu, mbali na ukuta, kamba za nguo na mashine za kiyoyozi. Kwa hiyo trampolini yenye upana wa mita 3 huhitaji uwanja wa mita 8 kwa 8. Nyua nyingi hazina nafasi hiyo. Tena nyingi zimetandikwa vigae au saruji, na mtoto anayeanguka hapo hapokelewi na nyasi wala mchanga.

Jua la Qatar lina hukumu yake. Tangu mwaka 2021, sheria inakataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba. Ikiwa wanaume wazima waliozoea kazi wanalindwa dhidi ya jua hilo, mtoto hana sababu ya kuruka ndani yake. Kitambaa cheusi na fremu ya chuma huweza kumwunguza nyayo na viganja hata nje ya miezi hiyo. Mtu mzima aweke mgongo wa mkono wake juu ya kitambaa. Asipoweza kuuacha hapo kwa sekunde chache, mtoto asipande. Jua hilohilo hulegeza nyuzi za kitambaa na kupasua mito inayofunika springi. Aliyepewa trampolini iliyokaa nje majira mawili ya joto aikague kila mshono kwa mkono, na ikiwa mito imekatika, aikatae zawadi hiyo kwa shukrani.

Upepo wa shamali, wenye vumbi, huvuma kwa nguvu zaidi mwanzoni mwa majira ya joto. Wavu huukamata kama tanga la jahazi, na trampolini nzima huweza kunyanyuka. Pale penye vigae vigingi havipigiki. Basi wavu uvuliwe na fremu ielemezwe mifuko mizito ya mchanga kila inapotangazwa tahadhari ya upepo. Vumbi lililobaki lifagiliwe, na umande ukaushwe, kwa sababu vyote viwili huteleza.

Mtoto akiumia

Asikandwe, asichuliwe, wala asivutwe kiungo ili “kurudishwa mahali pake”. Desturi hii tumetoka nayo nyumbani, na hufanywa kwa nia njema, lakini mifupa ya mtoto hukua kupitia sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Sehemu hizo zikizidi kuharibiwa, kiungo huweza kukua kikiwa kifupi au kimepinda. Kiungo kitegemezwe kama kilivyo, na mtoto apelekwe katika kituo cha dharura cha watoto cha Hamad kilichopo Al Sadd, au hospitali ya Sidra.

Ikiwa ameanguka kwa kichwa au shingo, analalamika maumivu ya shingo, au hahisi mikono au miguu yake, msimwinue wala msimgeuze. Pigeni simu 999. Mtoto aliyegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akasema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama saa chache zilizopita alionekana mzima.

Gari la wagonjwa hukawia pale anayepiga simu asipoweza kueleza alipo. Kwenye ukuta wa jengo lenu kuna kibao cha buluu chenye namba tatu: ya eneo, ya mtaa na ya jengo. Ziandikeni namba hizo kwa tarakimu kubwa, mzibandike karibu na mlango wa uani, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajizoeze kuzisoma kwa Kiarabu au Kiingereza.

Na mkiamua kuiondoa trampolini, msiiegemeze nje ya lango ikiwa nzima. Kateni kitambaa kwanza, ili watoto wa jirani wasiiokote na kuisimika mahali pengine.