Mita Iliyorudishwa Nyuma na Kiwele Kilichofungwa

 

Miezi michache iliyopita, mama mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu ya wanawake alitutaka shauri. Ni mjane mwenye watoto wanne, mpishi wa harusi, anayejulikana mtaani kwa pilau yake na kwa kutimiza ahadi. Kwa miaka mingi amekuwa akikodi magari ya watu kubebea masufuria yake, na mara nyingine faida yote ya shughuli huishia katika nauli. Aliazimia kununua gari lake mwenyewe. Fedha alikuwa nazo: sehemu ilitoka katika mchezo aliocheza na wenzake kwa miaka mitatu, na sehemu katika bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Alituuliza: "Sheikh, mimi sijui magari. Nende wapi nisidhulumiwe?"

Tulimtajia yadi moja papo hapo. Mwenyewe tunamjua: husimama safu ya kwanza katika sala ya Alfajiri, na zulia jipya la msikiti wetu ni sadaka yake. Tukaongeza neno ambalo leo latuelemea: "Mwambie umetumwa na sisi."

Yaliyompata

Hapa kwetu, gari jipya kwa familia nyingi ni gari lililokwisha kutumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mengi ya hayo huteremshwa katika bandari yetu ya Kilindini. Mama yule alionyeshwa picha ya Probox ya miaka 7, akaambiwa iko melini njiani. Bei ilikuwa shilingi 950,000, naye akatoa arbuni ya shilingi 200,000. Alipoomba mapatano yaandikwe, aliambiwa kwamba baina ya Waislamu neno latosha. Akapewa risiti, akaenda zake akiwa na furaha.

Gari lilipofika, bei ilikuwa imekuwa 1,030,000. Aliambiwa ushuru umepanda. Alipouliza ni ushuru upi na umepanda lini, kijana wa ofisini alimjibu: "Mama, haya huyafahamu. Mlete mwanamume tuzungumze naye." Alikuwa ameketi pale tangu saa tatu asubuhi, na wanaume waliokuja nyuma yake walihudumiwa kabla yake, tena kwa chai.

Siku ya pili alikwenda na mpwa wake, ambaye ni fundi. Mita ilionyesha kilomita 64,000. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kuonekana, na usukani umesuguka ukang'ara kama kipini cha jembe la zamani. Kijana yule akaomba nakala ya cheti cha kutolea gari Japani, kwani ndani yake huandikwa kilomita gari lilizokwenda. Yadi ikamzungusha siku tatu. Hatimaye nakala ikapatikana kwa wakala wa forodha. Ilisema kilomita 141,000.

Mama akasema gari halitaki, arudishiwe fedha zake. Akaonyeshwa mstari mdogo ulioandikwa chini ya risiti: arbuni hairejeshwi. Ndipo alipotujia baada ya sala ya Alasiri, ameishika risiti ile mkononi, wala hakutulaumu kwa neno hata moja. Lau angetulaumu, ingetuwia nafuu.

Safu ya kwanza si ushahidi

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimwuliza mtu aliyekuja kumshuhudilia mwenzake kuwa ni mwema: je, wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Je, umepata kusafiri naye? Je, umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Mtu yule alipojibu la kwa yote, Umar akamwambia kwamba labda amemwona msikitini tu, akiinama na kuinuka, na kwamba kwa yakini hamjui.

Kisa hiki tumekisomesha mara nyingi kwa wanafunzi wetu. Siku moja tu tuliyohitajiwa kukitumia, tulikisahau. Hatukuwahi kununua kwa mtu yule hata gurudumu. Tulichokuwa nacho ni zulia, na zulia lile lilitufunika macho. Twayasema haya kwa sababu hatudhani kuwa tuko peke yetu. Katika miji yetu, anayechangia madrasa na kufuturisha watu Ramadhani huwa kama aliyekwisha kupewa cheti cha uaminifu sokoni, na sisi wenye mimbari ndio tunaokitia muhuri. Sadaka ni ibada, na malipo yake yako kwa Mola. Haiwi badali ya haki ya mnunuzi, wala haisafishi shilingi iliyochumwa kwa hila.

Kiwele kilichofungwa

Huenda msomaji akasema kwamba mita ya gari ni jambo la kisasa na vitabu vyetu vya fiq'hi havikuijua. Vitabu havikuijua mita, ila vilimjua sana mwenye kuirudisha nyuma. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuwafunga viwele ngamia na kondoo. Muuzaji alikuwa akimwacha mnyama siku kadhaa bila kumkamua, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa amepata mnyama mwenye maziwa tele. Mtume akampa mnunuzi wa mnyama huyo khiyari baada ya kumkamua: akiridhika amweke, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende.

Wasomaji wetu wazingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba muuzaji yule hakutamka uwongo. Alimwacha mnyama aseme uwongo kwa niaba yake, kama vile mita inavyosema leo. Hata hivyo ilihesabiwa kuwa ni udanganyifu, na mnunuzi akapewa njia ya kutoka. La pili ni ile pishi ya tende. Mnunuzi aliyedanganywa naye ameamrishwa alipe thamani ya maziwa aliyoyakamua. Sheria yetu haimpokonyi muuzaji haki yake hata pale alipokosa.

Wako wauzaji wanaojikinga kwa kusema kwamba wameuza gari kama lilivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Pwani twafuata, neno hilo halimtoi muuzaji katika dhima ya aibu aliyoijua akaificha. Bali wanavyuoni wamesema kwamba hata mtu wa tatu anayeijua aibu yampasa kumweleza mnunuzi. Madalali na vijana wa yadi walisikie hilo.

Arbuni isigeuke kurubuni

Ama arbuni, neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na hukumu yake imejadiliwa tangu zamani. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, wamesema kuwa haifai kushurutisha kwamba mnunuzi akijitoa basi muuzaji aichukue bure. Imamu Ahmad bin Hanbal ameijuzisha. Twaiheshimu rai hiyo, na wafanyabiashara wengi huishikilia. Lakini rai hiyo yahusu mnunuzi aliyejitoa kwa hiari yake. Mama yule hakujitoa. Bei ilibadilishwa baada ya mapatano, na sifa ya gari ikaonekana kuwa si ile aliyoambiwa. Aliyevunja ahadi ni muuzaji, na hatujui rai inayomruhusu aliyevunja ahadi kula arbuni ya aliyeitimiza.

Tulikwenda yadini pamoja na mama na mpwa wake. Tulipokewa kwa taadhima, kwa kahawa na halua. Tukayaeleza haya kwa utaratibu, tukataja viwele na tukataja arbuni. Mwenye yadi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu akasema: "Sheikh, haya ni biashara, si darsa."

Tulitoka pale kimya. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni darsa gani hizo tulizomsomesha miaka yote, zisizovuka kizingiti cha mlango wa duka.

Mama akienda yadi

Mwanamke wa Kiislamu ana mali yake, na ana haki ya kuuza na kununua kwa jina lake. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara ambaye Mtume mwenyewe aliisafiria mali yake. Anayemwambia mama alete mwanamume ili aelezwe bei ya mali anayoinunua yeye mwenyewe, amemdhulumu kabla hata ya bei kutajwa. Kwenda na mwenye ujuzi ni hekima kwa mume na mke sawasawa, lakini jibu apewe mwenye fedha.

Mapatano na yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura Al-Baqara, yahusu kuandikiana deni na kushuhudilisha. Muislamu anayekwambia kwamba neno latosha anataka uaminifu zaidi ya uliofundishwa na Kitabu chake. Iandikwe bei kamili, ni nani atakayebeba ushuru na gharama za bandari, namba ya chasisi, kilomita, siku ya kukabidhiwa, na arbuni itarudi kwa hali gani.

Gari likaguliwe na fundi uliyemchagua wewe, si wa yadi. Itakwe nakala ya cheti cha kutoka Japani, na karatasi ya mnada ikiwa gari lilinunuliwa mnadani, kwani nayo huandikwa kilomita. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa hapa, rekodi yake itafutwe kwa NTSA, ili ijulikane mmiliki ni nani na kama benki ina haki juu yake. Fedha zilipwe kwa njia inayoacha alama, na kila risiti isomwe hadi mstari wa mwisho kabla ya mkono kuachia pesa.

Tena ajue mnunuzi kwamba katika madhehebu yetu, anayegundua aibu ya zamani katika alichonunua yampasa afanye haraka kukirudisha. Akiendelea kukitumia ilhali amekwisha kuijua aibu, huhesabiwa kuwa ameridhika. Gari likishagundulika, lisimame, na muuzaji aarifiwe siku ile ile kwa maandishi.

Pa kudai haki

Wengi hudhani kwamba mashitaka kama haya hupelekwa kwa Kadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Biashara haimo. Lakini kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kimempa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaostahili, kuelezwa anayohitaji kuyajua, na kufidiwa anapopata hasara. Iko pia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Huko mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria imetaka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Kudai haki kwa njia hii si kumfedhehesha ndugu yako Muislamu. Mtume ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akiwa ni mdhulumu au mdhulumiwa, na kumnusuru mdhulumu ni kuuzuia mkono wake.

Mama yule alifanya hivyo. Mpwa wake alimwandikia barua ya madai, akaambatisha nakala ya cheti na ya risiti, na akaijulisha yadi kwamba faili inapelekwa mahakamani. Haikufika huko. Shilingi 200,000 zilirudi kwa mafungu mawili, bila neno la radhi.

Baadaye alinunua gari kwingine, kwa mtu ambaye hatukumjua wala hatukumtajia. Muuzaji huyo alimfungulia boneti mwenyewe, akamwonyesha mlango uliopakwa rangi upya kabla hajauliza, na akampunguzia bei kwa ajili ya mlango ule. Tuliposikia hayo tulikumbuka hadithi aliyoipokea Muslim: Mtume alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta maji, akamwuliza mwenyewe kwa nini asikiweke kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika yeye. Muuzaji yule alikiweka kilicholowa juu. Wako wengi kama yeye mjini mwetu, na ni kwa ajili yao pia kwamba hila haina budi kusemwa hadharani, maana kila mita inayorudishwa nyuma yawatia doa wote.

Nasi tulimwomba mama yule radhi mbele ya mpwa wake. Akatusamehe, akacheka, akatutumia sinia ya pilau siku ya Ijumaa, imeletwa kwa gari lake. Tuliila kwa haya. Bangili zake hazitarudi, na zulia lingali msikitini chini ya paji la uso wetu mara tano kwa siku. Tangu hapo, mtu akituuliza anunue wapi, humjibu kwa lile tunalolijua kweli, na tusilolijua twasema hatujui.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo za halali, awape wafanyabiashara wetu ukweli wa ulimi na wa mizani, na awalipie waliodhulumiwa lililo bora kuliko walilopoteza. Amin.