Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, walakini kibaba kilikuwa cha namna mbili: cha tele, kilichojazwa hata kikafanya kilele, na cha mfuto, kilichosawazishwa juu. Muuzaji na mnunuzi waliweza kugombana, na wote wawili wakitaja neno lile lile. Siku hizi wana wetu wasomao uuguzi katika vyuo vikuu hukutwa na ugomvi wa namna hiyo, na neno lenyewe ni krediti.

Krediti ni kipimo cha masomo. Huku Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani kumsikiliza mwalimu, kusoma peke yake na kufanya mazoezi. Na mwaka mzima ni krediti 120. Uganda krediti moja ni saa 15 za kukaa na mwalimu. Basi somo la krediti 3 la huko lina saa 45 za mwalimu, naye asiyejua akiliona huku hudhani ni saa 30 tu. Mwezi wa Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa Dar es Salaam, wakatangaza elimu ya juu ya nchi zao kuwa eneo moja. Tangazo ni jema, lakini chuo kimpokeacho mgeni ndicho kikatacho shauri ni masomo yapi yahesabiwe.

Binti mmoja wa jumuiya yetu hapa Mbagala aliyaonja hayo. Baba yake aliuza kiwanja cha Chamazi akampeleka Uganda. Akasoma miaka miwili, akafaulu. Kisha baba akafariki, karo ikakoma, binti akarudi nyumbani. Mwaka mzima akauza katika duka la dawa, ndipo akaomba nafasi katika chuo cha huku. Jibu likaja: amepokewa, bali aanze mwaka wa kwanza.

Baba zake wadogo wakakutana, nami nikaitwa. Mkubwa wao akanena, "Mwalimu, mwambie mtoto huyu aolewe. Chuo cha huko kimekwisha kula kiwanja, cha huku kitakula nini?" Sikumlaumu, maana fedha ile ilikuwa jasho la ndugu yake. Nikawakumbusha Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, akadanganywa, akatumika saba tena. Mzee akacheka, akasema Yakobo hakudaiwa karo. Mama mtu alikuwa kimya mkekani. Akamwuliza bintiye, "Hayo uliyojifunza yamekutoka?" "La, mama, ninayo yote." "Basi nenda."

Akaenda, kwa mkopo wa serikali. Mwaka wa kwanza ulimlemea kuliko yote, si kwa ugumu bali kwa haya: aliketi na watoto waliotoka sekondari juzi, akisikiliza habari za moyo na mapafu alizokwisha kuzifanyia mtihani. Hata wenzake walipotambua, wakawa wanamjia jioni awaeleze. Akamaliza miaka minne, akafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, akafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapewa leseni. Tangu kwenda Uganda ilikuwa miaka minane.

Wengine husema vyuo vina roho mbaya. Mimi sikubali. Mgonjwa alazwaye usiku Rangi Tatu hana nafasi ya kumpima muuguzi wake. Lazima wengine wawe wamempima kwanza. Lawama yangu ni kwa chuo kile cha kwanza, kilichomwacha aondoke na karatasi ya alama tu, isiyotaja saa za masomo wala siku alizohudumu wodini.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa, auliza Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo kinatambuliwa, kisha aliulize na Baraza, kwa kuwa kutambuliwa kwa chuo peke yake hakumpi mtu leseni ya uuguzi. Na mwanafunzi aondokaye achukue hati ya matokeo, mtaala wenye saa za kila somo, daftari la mazoezi ya wodini lenye sahihi, na barua kwamba ameondoka bila kosa. Mwenye mtoto aliyeko nje sasa amwandikie leo azikusanye angali huko, maana kuzitafuta kutoka Mbagala ni nauli ya siku nyingi na simu zisizojibiwa.