Video Kabla ya Kipindi: Namna ya Kuitumia Ifae

Wengi wetu tumefundishwa kwa mtindo mmoja: mwalimu anaeleza darasani, mwanafunzi ananakili, kisha anakwenda na zoezi nyumbani. Lakini ugumu wa somo hujitokeza wakati wa zoezi, saa ambayo mwalimu hayupo.

Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia wa mji wa Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye wakageuza utaratibu wenyewe: maelezo yakatazamwa nyumbani, mazoezi yakafanyika darasani. Mtindo huo ndio unaoitwa darasa lililogeuzwa.

Ili video ifae, tuzingatie mambo manne.

Kwanza, iwe fupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu masomo ya mtandaoni ya edX, uliochunguza utazamaji wa video mara milioni 6.9, ulionyesha kuwa muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata pale video ilipokuwa ndefu. Mada kubwa igawanywe.

Pili, tuwafundishe wanafunzi kutazama. Video ya somo haitazamwi kama mpira. Mwanafunzi aisimamishe, airudishe nyuma, aandike. Bergmann na Sams walimtaka kila mwanafunzi aje na swali, na swali hilo lilionyesha kama kweli ametazama.

Tatu, asiachwe mtu. Si kila nyumba ina intaneti. Walimu hao waliwapa DVD wanafunzi wasio na mtandao; sisi tunaweza kutumia flashi, kadi ya simu, au kompyuta ya shule kabla ya kipindi.

Nne, na hili ndilo kubwa, muda uliopatikana darasani utumike vizuri. Mwalimu akirudia maelezo yote ya video, kesho hakuna atakayeitazama. Aanze na maswali waliyoleta, kisha awape kazi na kupita kati yao, akikaa zaidi na aliyekwama.

Basi anayefundisha, iwe shuleni au katika darasa la mafundisho parokiani, ajaribu kwa mada moja tu. Kabla ya kurekodi chochote, aamue kwanza wanafunzi watafanya nini watakapokutana. Akikosa jibu la hilo, video itakuwa mzigo mwingine tu kwa mwanafunzi.