Sumu ya Panya: Itumie kwa Utaratibu, Isidhuru Watu Wako

Siku moja baada ya mavuno, mama mmoja alifika kwenye dirisha la ofisi yetu ya kilimo akafungua fundo la leso. Mlikuwa na kijikaratasi kilichokunjwa, na ndani yake punje ndogo nyeusi. Akasema, "Bwana karani, hii ni dawa ya panya niliyonunua sokoni. Niichanganye na unga kiasi gani?"

Nilikigeuza kile kijikaratasi huku na huku. Hakikuwa na jina la dawa, wala jina la mtengenezaji, wala kipimo. Nikamwuliza ana watoto wangapi nyumbani. Akajibu, "Watatu, na huyu mdogo ndiyo kwanza anaanza kutembea."

Nilimwambia kweli kwamba sina jibu, maana hakuna awezaye kupima kitu asichokijua. Akatuachia ile karatasi, akarudi kwake na maelezo mengine. Kwa kuwa swali lake ni swali la wengi, maelezo hayo nayaandika hapa ili kila msomaji ayapate.

HASARA YA PANYA

Panya mkubwa wa nyumbani, mwenye uzito wa gramu 200, hula kama gramu 20 za chakula kwa siku. Fanya hesabu. Panya 10 watakula gramu 200 kwa siku, yaani kilo 6 kwa mwezi, na kilo 73 kwa mwaka. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Basi panya 10 tu hukaribia kumaliza gunia zima, na bado hujahesabu nafaka wanayoiharibu kwa mkojo na mavi.

Tena huzaana upesi. Mimba ya panya ni kama majuma matatu tu, na panya wa shambani ahamiaye nyumbani wakati wa mavuno aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo kuua wawili watatu si kazi. Kazi ni kuwamaliza wote waliomo bomani.

KWA NINI SUMU KALI HUSHINDWA

Watu wengi hupenda sumu ya kuua papo hapo, ili asubuhi waone mizoga. Lakini panya ni mnyama mwenye hadhari. Akikuta chakula kipya huonja kidogo tu, kisha hungoja. Kwa kuwa maumbile yake hayamruhusu kutapika, hadhari hiyo ndiyo kinga yake. Akiumwa tumbo upesi, hujua ni chakula kile kilichomwumiza, naye hatakigusa tena. Usiku wa kwanza utaua wenye pupa. Wengine watabaki, na sasa wamekwisha jua.

Wakati huo ugali wenye sumu ungali pembeni, na kuku wako na mtoto wako hawana hadhari ya panya.

Zile punje zisizo na jina zinazouzwa sokoni mara nyingine ni dawa kali za kuulia wadudu wa mimea, zilizofunguliwa na kufungwa upya katika vikaratasi. Kiasi kidogo sana chaweza kuua mtu mzima. Usizinunue hata kama bei ni ndogo.

SUMU IFANYAYO KAZI POLEPOLE

Sumu ifaayo nyumbani ni ile inayozuia damu isigande. Habari yake ilianza kwa wafugaji. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wengi wa Marekani na Kanada walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alimpelekea mtaalamu Karl Paul Link mzoga wa mtamba, mzigo wa majani yale, na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Link na wenzake waliitafuta sumu iliyokuwa katika majani hayo mpaka wakaipata, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoanza kutumiwa kuulia panya mwaka 1948. Siku hizi kuna ndugu zake wenye nguvu zaidi, kama vile brodifakumu na bromadioloni.

Panya aliyekula sumu hii hasikii lolote siku hiyo. Hurudi kula tena, na wenzake humfuata. Hufa baada ya siku kama tatu hadi kumi, wala hawajui kilichowaua. Nasi wanadamu tunapata faida nyingine: dawa ya kuipinga iko, nayo ni vitamini K itolewayo hospitalini.

Lakini usidanganyike ukadhani ni sumu ya mchezo. Inaua mtu, mbwa na kuku vilevile ikiliwa. Kwa hiyo fuata utaratibu huu.

1. KWANZA MNYIME CHAKULA NA NJIA

Chambo hakiliwi na panya aliyeshiba. Weka unga na nafaka katika vyombo vyenye vifuniko vya kubana, kama madebe au mapipa. Fagia punje zilizomwagika. Osha sufuria jioni, usingoje asubuhi. Kata nyasi na vichaka vilivyo karibu na nyumba, na matawi yanayogusa paa.

Ghala liinuliwe juu ya nguzo kama mita moja kutoka ardhini, na kila nguzo ivishwe bati chini kidogo ya sakafu, ili panya akipanda ateleze. Ziba matundu ya kuta kwa saruji au wavu wa chuma. Kumbuka kwamba panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu lenye upana wa penseli.

2. NUNUA SUMU YENYE JINA

Nenda kwenye duka la agroveti lenye leseni. Paketi iwe haijafunguliwa, iwe na jina la sumu, kipimo, tarehe ya mwisho, na nambari ya kuandikishwa na bodi ya serikali ya kusimamia dawa hizi, ijulikanayo kwa herufi PCPB. Chagua chambo kilichokwisha kutengenezwa kiwandani, cha vipande au vya punje zenye rangi. Usichanganye sumu mwenyewe jikoni, na usitumie bakuli, kijiko au chungu cha chakula.

Soma maandishi ya paketi yote kabla ya kuifungua. Kama huoni vizuri, mwite mtoto wa shule akusomee, lakini asiishike.

3. TENGENEZA SANDUKU LA CHAMBO

Usiweke chambo wazi hata usiku mmoja. Chukua mbao utengeneze sanduku lenye urefu kama sentimita 40, na kila upande wa mwisho utoboe tundu la sentimita 6. Chambo kikae katikati, mbali na matundu, mahali ambapo mkono wa mtoto au mdomo wa kuku haufiki. Vipande vyenye shimo vipitishe kwenye waya, panya asije akavichukua na kuviangusha ndani ya nafaka. Kifuniko kifungwe kwa kufuli au misumari ya kuzungusha, na sanduku lenyewe lipigiliwe ukutani au sakafuni. Liandike SUMU kwa rangi nyekundu na kuchora fuvu, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

4. WEKA PALE PANYA APITAPO

Panya hupenda kukimbia akigusa ukuta. Tafuta mavi yake, alama za mafuta ya manyoya yake ukutani, na mashimo. Hapo ndipo pa kuweka sanduku, tundu zote mbili zikielekea njia yake. Kwa panya wakubwa masanduku yawe mbalimbali kama mita 5 hadi 10. Panya wadogo hawatembei mbali, nao hula kidogo kidogo mahali pengi, basi masanduku yao yawe kila mita 2 au 3, yenye chambo kidogo.

Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Akipita siku tatu nne bila kuingia sandukuni, usikate tamaa wala usilihamishe. Mwache alizoee.

Usiweke chambo kamwe ndani ya nafaka, juu ya magunia, karibu na kisima, wala mahali pa kupikia.

5. KAGUA, ONGEZA, KISHA ONDOA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huweka chambo mara moja, kikaliwa na panya wawili wenye nguvu, wakaona kazi imekwisha. Kagua kila siku moja au mbili, ukiwa umevaa glavu, na kuongeza kilicholiwa kwa kipimo cha paketi. Chambo kilichoota ukungu kibadilishe. Kwa kawaida kazi huchukua majuma mawili au matatu.

Chambo kikikaa siku kadhaa bila kuguswa, na mavi mapya hayaonekani, ondoa chote. Kilichobaki kihifadhi katika paketi yake, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na chakula. Usikihamishie katika chupa ya soda au kopo la majani ya chai.

6. ZIKA MIZOGA

Tafuta mizoga kila asubuhi. Iokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, na kuizika chini kiasi cha nusu mita, mbali na maji. Paka, mbwa, au bundi akila panya mwenye sumu, naye huweza kufa. Watu wengi humfukuza bundi wakidhani ni mkosi, kumbe yeye hutuwindia panya usiku kucha bila malipo. Baada ya kazi nawa mikono kwa sabuni.

MTOTO AKILA SUMU

Jambo hili usilisahau. Sumu ya polepole ni ya polepole kwa mtoto pia. Atacheza na kula kama kawaida siku mbili au tatu, na mzazi atashukuru Mungu akidhani ameokoka. Kisha damu itaanza kutoka puani au kwenye fizi, mkojo uwe mwekundu, na mwili uonyeshe michubuko. Usingoje dalili hizo. Mtoe chambo mdomoni, msukutue kwa maji, na kumpeleka hospitali siku ileile. Usimtapishe. Chukua paketi ya sumu ukamwonyeshe daktari, maana jina lililoandikwa humo ndilo litakalomwonyesha dawa ya kutumia.

Kama aliyekula anatoka jasho na mate mengi, anatetemeka au anapumua kwa shida, hiyo ni sumu kali. Mkimbize wakati huohuo.

PANYA WAKIFA WENYEWE

Mwisho, neno kuhusu tauni. Mwaka 1902 ugonjwa huo uliingia Nairobi, na mtaa wa maduka ukateketezwa kwa moto. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto humhama na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu. Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo nawe hujaweka sumu, usiwaguse na usianze kuweka chambo. Peleka habari kwa afisa wa afya upesi, ili viroboto wauawe kwanza.

Tena ongea na majirani mfanye kazi hii juma moja. Ukisafisha kwako peke yako, panya wa jirani watahamia kwako kabla ya mavuno mengine. Kwa maelezo zaidi mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Na kama unayo sumu isiyo na jina nyumbani, usiimwage mtoni wala chooni. Ifunge vizuri, iweke mbali na watoto, na umwulize afisa huyo namna ya kuiondoa.