Je, Wajua? OpenSSL: Kufuli la Intaneti Unaloweza Kulijenga Ukiwa Kahororo

Mtu aliyeko Kahororo, Manispaa ya Bukoba, anapofungua tovuti ya benki kwenye simu yake, kwenye baadhi ya vivinjari alama ndogo ya kufuli huonekana karibu na anwani. Kufikia hapo simu yake na seva iliyoko Dar es Salaam au Ulaya zimekwisha kukubaliana: cheti kimekaguliwa, ufunguo wa siri wa mazungumzo hayo peke yake umepatikana, na kila herufi inayopita imeanza kusimbwa. Kwa kawaida kazi hiyo haimalizi hata sekunde moja.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo duniani hufanywa na maktaba moja ya programu iitwayo OpenSSL, au na ndugu zake waliozaliwa kutokana nayo? Maktaba ya namna hii ni hazina ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao programu nyingine huuita pale zinapouhitaji. OpenSSL haiuzwi. Msimbo wake uko wazi, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuupakua, kuuchagulia mipangilio, na kuujenga mpaka upate kufanya kazi.

Ilitoka wapi

Miaka ya 1990 Marekani ilihesabu usimbaji fiche kuwa miongoni mwa silaha, na ikazuia ulio imara usiuzwe nje. Kivinjari cha Netscape kikawa na matoleo mawili: la Wamarekani, lenye funguo za biti 128, na la sisi wengine, lenye funguo za biti 40. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Biti 40 hutoa funguo trilioni moja na kidogo; biti 128 hutoa idadi yenye tarakimu 39. Mwezi wa Agosti 1995 mtafiti Damien Doligez wa taasisi ya INRIA, Ufaransa, alizitumia kompyuta zaidi ya 100 za maabara kujaribu funguo za biti 40 moja baada ya nyingine. Ujumbe uliokuwa umesimbwa ulifunguka baada ya siku 8.

Mwaka huohuo Waaustralia wawili, Eric Young na Tim Hudson, walikuwa wakiandika maktaba yao, SSLeay, nje ya mipaka ya sheria hiyo. Waliutoa msimbo wake bure. Walipoacha kuiendeleza mwishoni mwa 1998, kikundi cha wanaprogramu wa kujitolea kiliichukua na kuipa jina jipya. Toleo la kwanza la OpenSSL lilitoka Desemba 1998. Marekani ililegeza masharti yake Januari 2000.

Hata hivyo masalia ya sheria ile yaliendelea kuishi ndani ya programu kwa miaka 15 zaidi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha shambulio walilolipa jina FREAK: seva iliyosahauliwa ikiwa bado inakubali funguo za enzi ya vikwazo iliweza kushawishiwa izitumie, hata kama mteja hakuziomba. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kilichoachwa ndani ya maktaba bila kutumika kinaweza kugeuzwa mlango wa wezi. Ndiyo sababu anayeijenga mwenyewe huanza kwa kujiuliza ni nini kisichohitajika humu.

Ndani yake mna nini

OpenSSL ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni libcrypto, yenye hisabati yenyewe: RSA inayotegemea ugumu wa kuzitambua namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa, AES inayosimba data kwa kasi, na SHA-256 inayolifupisha faili lolote kuwa alama ya herufi na tarakimu 64. Ya pili ni libssl, inayojua itifaki ya TLS, yaani utaratibu wa nani aseme nini na kwa mpangilio gani ili mawasiliano yawe salama. Ya tatu ni amri ya `openssl`, ambayo fundi huitumia kutengeneza funguo, kuomba vyeti na kupima seva.

Simu za Android zilitumia OpenSSL yenyewe kwa miaka kadhaa, kisha Google ikaunda tawi lake, BoringSSL, lililotangazwa mwaka 2014. Kwa hiyo mfanyabiashara wa kahawa wa Muleba anayetumia Chrome kwenye simu ya Android anatumia mzao wa kazi ya Young na Hudson. Lakini akipiga *150*00# kutuma fedha kwa M-Pesa, hapiti njia hii. Menyu ile husafiri ndani ya mtandao wa simu na kulindwa na mifumo ya mtandao huo. TLS huingia kazini anapofungua programu ya M-Pesa kwa intaneti.

Kuijenga kwa mkono wako

Watumiaji wengi wa Linux hawana haja ya kuijenga, kwa kuwa mfumo wao unakuja nayo tayari. Anayeijenga huwa na sababu: anataka toleo jipya kuliko lililomo kwenye mfumo, anahitaji mipangilio ya pekee, au anataka kujifunza. Mahitaji ni machache: kompaila ya lugha ya C, programu ya `make`, na lugha ya Perl. Faili lenyewe ni makumi ya megabaiti kwa matoleo mapya, mzigo ambao bando la kawaida linaubeba.

Kazi ya kwanza baada ya kupakua ni kuhakiki. Waendelezaji huchapisha alama ya SHA-256 ya kila toleo pamoja na saini ya kidijitali. Ukiikokotoa alama hiyo kwenye kompyuta yako na ikatofautiana na yao hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani au limechezewa. Saini huthibitisha zaidi ya hapo, kwamba waliolitoa ni wenyewe. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa haraka, nayo ndiyo inayozipa maana hatua zote zinazofuata. Kuijenga kwa uangalifu maktaba ya usalama iliyotoka kwa asiyejulikana ni kumjengea mwizi.

Kisha huja `./Configure`, na hapa ndipo penye uamuzi. Programu hii ya Perl huuchunguza mfumo wako, husoma matakwa yako, na kuandaa maelekezo ya ujenzi. Kwa `--prefix` unataja mahali pa kuiweka, kwa mfano ndani ya `/opt`, ili isigongane na ile ya mfumo ambayo programu nyingine zinaitegemea. Kwa `--openssldir` unataja mahali pa faili la mipangilio na vyeti. Kwa `no-legacy` unaacha nje algoriti zilizochakaa, kama RC4 na MD4. Kwa `no-tls1` na `no-tls1_1` unazifunga itifaki za kale zilizotangazwa rasmi mwaka 2021 kuwa hazifai tena. Kwa `enable-fips` unaongeza moduli iliyoundwa kukidhi viwango vya serikali ya Marekani, ambavyo baadhi ya taasisi za fedha huvidai. Ukitaka kuona umechagua nini, `perl configdata.pm --dump` hukuorodheshea yote.

Baada ya hapo ni `make`, ambayo hugeuza maelfu ya kurasa za msimbo kuwa maelekezo ambayo prosesa inayaelewa. Kwenye kompyuta ya miaka ya karibuni ni kazi ya dakika chache. Kwenye ya zamani ni zaidi. Umeme ukikatika katikati, washa tena kompyuta na urudie amri hiyohiyo. `make` hulinganisha saa za mafaili na kuendelea na yale ambayo hayajajengwa.

Halafu `make test`. Tafadhali usiiache. Maktaba hujipima yenyewe kwa majaribio mengi: je, AES inatoa jibu linalojulikana kuwa sahihi? Je, cheti kilichokwisha muda kinakataliwa? Programu ya kawaida ikikosea, utaona kosa kwenye skrini. Usimbaji fiche ukikosea, matokeo yake hufanana kabisa na ya uliofanikiwa, na atakayeiona tofauti ni mshambuliaji. Majaribio haya ndiyo njia ya fundi kuiona mapema.

Mwisho ni `make install`, na mara nyingi hapo mwanafunzi hukutana na matatizo mawili. La kwanza, programu inalalamika kwamba haioni `libssl.so.3`, au inaikamata maktaba ya zamani ya mfumo. Sababu ni kwamba Linux hutafuta maktaba kwenye njia inazozijua tu. Lazima uielekeze kwenye njia mpya, kisha uhakikishe kwa `ldd` na `openssl version -a`. La pili, kila tovuti inakataliwa kwa madai kwamba cheti hakiaminiki. Maktaba yako mpya haikuja na orodha ya mamlaka za vyeti, na inabidi uionyeshe orodha ya mfumo, ambayo kwenye Ubuntu na Debian imo ndani ya `/etc/ssl/certs`. Usizime ukaguzi wa vyeti ili mambo yaende. Bila ukaguzi huo utakuwa umesimba siri zako vizuri na kumkabidhi usiyemjua.

Makovu mawili

Historia ya OpenSSL ina makosa mawili ambayo kila fundi anapaswa kuyajua.

La kwanza lilitokea nje ya mikono ya waandishi wake. Mwaka 2006 watunzaji wa mfumo wa Debian waliondoa mistari ya msimbo ambayo chombo cha ukaguzi kiliilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya vyanzo vya bahati nasibu vya kutengenezea funguo. Kilichobaki kikibadilika ni namba ya utambulisho wa mchakato tu, isiyozidi 32,768 kwenye Linux. Kwa aina na ukubwa mmoja wa ufunguo, mshambuliaji angeweza kuwa na orodha nzima ya funguo zote zinazowezekana. Mwanaprogramu wa Debian Luciano Bello aligundua hitilafu hiyo, ikatangazwa Mei 2008. Kwa karibu miaka miwili, watu walikuwa wametengeneza funguo zilizoonekana ndefu na imara.

La pili ni Heartbleed, lililotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Kipengele kidogo cha kuulizana kama upande wa pili bado upo hakikukagua urefu wa ujumbe uliodaiwa kutumwa. Mshambuliaji alituma neno fupi na kudai kuwa ni refu, na seva ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake: nywila, barua, hata funguo za siri. Waliligundua Neel Mehta wa Google na, kwa kujitegemea, wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Kosa lilikuwa limekaa hadharani kwa miaka miwili. Aliyejua kuijenga maktaba mwenyewe hakulazimika kuhamia mara moja toleo la 1.0.1g, kwa kuwa aliweza kuijenga upya kwa chaguo la `-DOPENSSL_NO_HEARTBEATS` na kukiondoa kipengele hicho kabisa.

Ndipo dunia ilipojua kwamba maktaba iliyobeba biashara ya mabilioni ilikuwa ikipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote. Mwezi huohuo Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kusaidia miradi ya aina hii. Msimbo kuwa wazi humpa kila mtu haki ya kuukagua. Ukaguzi wenyewe unahitaji watu, muda na riziki.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mwendo mfupi kutoka Bukoba mjini, Katuruka karibu na Maruku, wanaakiolojia walifukua mabaki ya uhunzi wa chuma wa takribani miaka 2,000. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo kadhaa tangu chuma cha kununua kilipoingia. Wazee waliijenga kwa kumbukumbu, wakivuta mivukuto na kupitisha hewa kwenye mirija ya udongo. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliueleza ufundi huo katika jarida la Science. Jembe la dukani lililima vizuri tu, lakini ujuzi wa kulitengeneza ulikuwa umebaki kwa wazee wachache.

Ndivyo ilivyo kwa programu za usalama. Tunaweza kuzitumia miaka yote bila kuzijenga, na tukazitegemea bila kuwa na mtu karibu anayejua kilichomo. Uwezo wa kujenga si mgeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na watu walikuwepo wa kuufanyia kazi. Sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zetu zilinde taarifa za watu, na agizo hilo haliwezi kutekelezwa na wasiojua seva yao inakubali itifaki zipi.

Anayeijenga mwenyewe amejitwika pia wajibu. Masasisho ya kawaida ya mfumo hayataigusa maktaba aliyoiweka kwenye `/opt`. Lazima afuatilie matangazo ya usalama, apakue, ahakiki, ajenge na apime tena kila hitilafu inaporekebishwa.

Kazi nyingine kubwa imekwisha kuanza. Kompyuta za kwanta zikipata nguvu ya kutosha, RSA itavunjika. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji uliokusudiwa kuzihimili, na OpenSSL 3.5 ya Aprili 2025 ikaja navyo. Kwa miaka kadhaa ijayo benki, hospitali na halmashauri zitalazimika kubadili funguo zao, na zitahitaji mafundi wa kuzijaribu maktaba mpya kabla ya kuzikabidhi kazi ya kweli. Mwanafunzi wa Kahororo mwenye kompyuta, Perl na kompaila ana kila anachohitaji ili kuwa mmoja wao. Aanze na kuhakiki saini.